Rekodi ya Uchaguzi ya Raila Odinga katika Eneobunge la Lang'ata, 1992–2013: Kiti cha Viungani na Kanuni za Kitaifa

Utangulizi

Tangu uchaguzi mkuu wa Desemba 1992 hadi Bunge la Kumi lilipomaliza muda wake mapema mwaka 2013, eneobunge la Lang'ata, kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, liliwakilishwa na mbunge mmoja, Raila Amolo Odinga, isipokuwa kwa kipindi kifupi mwanzoni mwa 1997 kiti kilipokuwa wazi. Katika miaka hiyo alishinda mara tano: uchaguzi mkuu wa 1992, uchaguzi mdogo wa 1997, uchaguzi mkuu wa mwishoni mwa mwaka huohuo, kisha chaguzi za 2002 na 2007. Ushindi huo ulipatikana kwa tiketi za vyama vinne, yaani FORD-Kenya, NDP, NARC na ODM.

Rekodi ya namna hii huelezwa kwa wepesi kama ushahidi wa mvuto wa mtu. Vyama vilibadilika, wapigakura wakabaki na kiongozi wao. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayatoshi. Yanaacha bila jibu swali la kwa nini kiongozi mwenye ngome kubwa katika Mkoa wa Nyanza aling'ang'ania kiti cha Nairobi kwa miongo miwili, na kwa nini eneobunge lililoonekana kuwa ngome isiyotikisika lilimpa mshindani wa chama pinzani nusu yake miaka michache tu baada ya yeye kuondoka. Makala haya yanaeleza kwamba rekodi ya Lang'ata haisomeki ipasavyo mpaka iwekwe kando ya kanuni tatu za kisheria: kanuni iliyomnyang'anya kiti mbunge aliyehama chama, kanuni iliyomtaka mgombea wa urais awe pia mbunge wa kuchaguliwa, na namna mipaka ya maeneobunge ilivyochorwa.

Sura mbili za eneobunge moja

Lang'ata ya zamani ilikuwa miongoni mwa maeneobunge manane ya Nairobi. Upande mmoja ilikuwa na Karen, yenye nyumba zilizojitenga katika mashamba makubwa ya enzi ya walowezi, na mitaa ya watu wa tabaka la kati iliyojengwa baada ya uhuru. Upande wa pili ilikuwa na Kibera, makazi yaliyoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambao walikaa katika ardhi ya serikali bila kupewa hati. Jina lenyewe, Kibra, ni la Kinubi na lina maana ya msitu. Kadiri Nairobi ilivyopanuka, wafanyakazi wa viwandani, watumishi wa nyumbani na vibarua walihamia humo kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na kazi zilikuwa karibu kiasi cha kwenda kwa miguu. Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu, Wakisii na Wanubi wakawa majirani katika nyumba za mabati na udongo.

Katika kura, sura hizi mbili hazikuwa na uzito sawa. Msongamano wa Kibera uliifanya kuwa ghala la wapigakura, ilhali ukubwa wa Karen ulikuwa wa ekari tu. Mgombea aliyeishika Kibera aliweza kushinda Lang'ata bila kuwashawishi sana wakazi wa upande wa pili. Hili ndilo jambo la kwanza la kuzingatiwa na msomaji wa takwimu za eneo hili: matokeo yaliyotangazwa kwa jina la Lang'ata yalikuwa, kwa sehemu kubwa, sauti ya Kibera.

Wala Kibera yenyewe haikuwa na sauti moja. Mgawanyiko mkubwa ndani yake ulikuwa kati ya wapangaji na wenye nyumba, na wengi wa wenye nyumba wa zamani walikuwa Wanubi. Mwishoni mwa mwaka 2001 Rais Daniel arap Moi alitamka hadharani kwamba kodi ya nyumba katika eneo hilo ilikuwa kubwa mno na ipunguzwe. Mbunge wa eneo, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Nishati, aliwaunga mkono wapangaji. Baadhi ya wapangaji wakakataa kulipa kodi ya awali, mapigano yakazuka, watu wakauawa na wengine wakakimbia makazi yao. Tukio hilo halikumwondolea mbunge kiti chake mwaka uliofuata, kwa kuwa wapangaji walikuwa wengi kuliko wenye nyumba. Hata hivyo linaonyesha gharama ya kuwakilisha eneo ambalo suala lake kuu, yaani umiliki wa ardhi, lilikuwa nje ya uwezo wa mbunge yeyote. Ushindi wa kura nyingi haukuwa na maana kwamba matakwa ya wapigakura yalipatana.

Kiti na kanuni ya kuhama chama

Raila Odinga aliingia katika kinyang'anyiro cha 1992 akiwa ametoka kizuizini na uhamishoni. Alikuwa amezuiliwa kwa miaka kadhaa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akaachiwa na kukamatwa tena zaidi ya mara moja, na Oktoba 1991 akakimbilia Norway kabla ya kurejea mapema 1992. Baba yake, Jaramogi Oginga Odinga, alikuwa kiongozi wa FORD-Kenya na mgombea wa kiti cha Bondo, nyumbani kwao. Baada ya Jaramogi kufariki Januari 1994, kiti cha Bondo kilikwenda kwa mwanawe mwingine, Oburu Oginga. Kwa hiyo uamuzi wa Raila kugombea Nairobi ulikuwa pia mgawanyo wa kazi ndani ya familia ya kisiasa, pamoja na faida iliyo dhahiri: mbunge wa jiji kuu haonekani kirahisi kuwa msemaji wa kabila lake peke yake.

Mwaka huo wa 1992 FORD-Asili ya Kenneth Matiba ilizoa viti sita kati ya vinane vya Nairobi. Lang'ata, iliyokuwa kwa miaka mingi ikihusishwa na Philip Leakey wa KANU, ndiyo pekee iliyokwenda kwa FORD-Kenya. Tofauti hiyo na maeneo jirani ni muhimu, kwani tangu mwanzo eneobunge hili halikufuata upepo wa jiji.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya kifo cha Jaramogi. Uongozi wa FORD-Kenya ulichukuliwa na Michael Kijana Wamalwa, na mvutano kati yake na Raila ukaishia katika uchaguzi wa chama uliovurugika kwa fujo mjini Thika Aprili 1996. Siku ya mwisho ya mwaka 1996 Raila alijiuzulu kutoka FORD-Kenya na kujiunga na NDP, chama kidogo kilichokuwa tayari kimesajiliwa. Kwa kujiuzulu huko alipoteza kiti papo hapo.

Kanuni iliyomvua kiti ina historia inayomhusu kwa karibu. Aprili 1966, Jaramogi alipoacha umakamu wa rais na kuondoka KANU pamoja na wabunge waliomuunga mkono ili kuunda KPU, Bunge lilirekebisha Katiba kwa haraka ili mbunge anayehama chama kilichomfikisha Bungeni alazimike kurudi kwa wapigakura. Chaguzi ndogo zilizofuata Juni mwaka huo, maarufu kwa jina la uchaguzi mkuu mdogo, zilihusu viti 29 vya mabaraza mawili ya Bunge, na KPU ikaambulia tisa. Kanuni hiyo ilitungwa ili kuhama chama kuwe na gharama kubwa. Miaka 30 baadaye mtoto wa mlengwa wa kwanza alijiweka chini ya kanuni ileile kwa hiari, akaigeuza kuwa njia ya kupata uhalali.

Kujiuzulu bila kusubiri kufukuzwa kulikuwa na mantiki. Katiba ya wakati huo haikuruhusu mgombea binafsi. Kila mgombea alihitaji kudhaminiwa na chama. Kusajili chama kipya nako hakukuwa rahisi: Safina, chama alichoshiriki kukianzisha Richard Leakey, ndugu wa mbunge wa zamani wa Lang'ata, kilisubiri usajili tangu 1995 hadi Novemba 1997. Mwanasiasa aliyeshindwa katika mgogoro wa ndani alikuwa na njia mbili tu, kubaki chini ya mpinzani wake au kutafuta chama kilichopo na kukijaza watu. NDP ilikuwa chombo tupu, na uchaguzi mdogo wa Lang'ata ndio uliopima iwapo kingejaa. Kama wapigakura wangekaa na FORD-Kenya, safari ya kisiasa ya mhusika huenda ingeishia hapo. Walimfuata. Katika uchaguzi mkuu wa Desemba 1997 NDP ilipata viti 21 vya kuchaguliwa, vingi vikiwa Nyanza, na Lang'ata ikawa kiti chake pekee jijini Nairobi.

Inafaa kulinganisha tukio hilo na yale ya 2002. Machi mwaka huo NDP iliungana na KANU, na Raila akawa katibu mkuu wa chama tawala bila kurudi kwa wapigakura, kwa kuwa kilichotokea kisheria kilikuwa kuunganishwa kwa vyama wala si mbunge kujiuzulu. Oktoba, baada ya Moi kumteua Uhuru Kenyatta kuwa mgombea wa urais wa KANU, aliondoka na kundi lake kwenda LDP na hatimaye NARC, akamtangaza Mwai Kibaki kuwa mgombea katika mkutano wa Uhuru Park. Bunge lilivunjwa mwezi huohuo, na uchaguzi mdogo haukuwa na nafasi tena. Hivyo, katika mabadiliko yote ya vyama ya miaka hiyo, ni moja tu lililopimwa peke yake na wapigakura wa Lang'ata. Mengine yalimezwa ndani ya chaguzi kuu, ambamo kura ya ubunge huchanganyika na kura ya urais. Mtafiti anayehesabu ushindi mara tano kana kwamba ni vipimo vitano vinavyolingana hupotoka hapo.

Kiti kama daraja la urais

Kanuni ya pili ilihusu urais. Katiba iliyotumika hadi 2010 ilimtaka mshindi wa urais atimize masharti matatu: apate kura nyingi kuliko wagombea wengine, apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane, na achaguliwe kuwa mbunge wa eneobunge. Sharti la tatu halikuzungumzwa sana kwa kuwa wagombea wengi wakubwa walikuwa na viti salama vijijini kwao. Moi hakuwa na hofu Baringo ya Kati, wala Kibaki Othaya.

Kwa mgombea mwenye kiti cha mjini hali ilikuwa nyingine. Wakazi wa mjini huhama, wengi hujiandikisha vijijini walikozaliwa, na muundo wa jamii zao hubadilika kutoka uchaguzi mmoja hadi mwingine. Raila alisimama mara mbili akiwa mgombea wa urais na wa Lang'ata kwa wakati mmoja. Mwaka 1997 alimaliza wa tatu katika urais, na sharti hilo halikupata nafasi ya kufanya kazi. Mwaka 2007 mambo yalikuwa mazito. Alikuwa mgombea wa ODM na mshindani mkuu wa rais aliyekuwa madarakani. Kama angeshindwa Lang'ata, kura zake za urais kote nchini zisingemfikisha Ikulu hata zingekuwa nyingi kuliko za mtu mwingine yeyote. PNU ilimsimamisha Stanley Livondo, aliyeendesha kampeni yenye rasilimali nyingi na kelele nyingi. Kwa mara ya kwanza tangu 1997 kiti hicho kilionekana kuwa na ushindani wa kweli, na vyombo vya habari vilikifuatilia kama uchaguzi wa urais katika umbo dogo.

Ni katika muktadha huu ambapo tukio la asubuhi ya Desemba 27, 2007 lilipata uzito. Raila alipofika kupiga kura katika Shule ya Msingi ya Old Kibera, jina lake halikuonekana kwenye daftari lililokuwa kituoni. Aliondoka, akarudi baadaye baada ya Tume ya Uchaguzi ya Kenya kuingilia kati, na akapiga kura. Kwa mgombea mwingine kasoro hiyo ingekuwa habari ya siku moja. Kwa mtu ambaye ubunge wake ulikuwa sharti la urais, na kwa umati uliokuwa umepanga foleni tangu alfajiri, ilisomeka kama ishara ya hila, iwe ilikuwa hila au uzembe. Alishinda kiti cha Lang'ata bila taabu. Matokeo ya urais yaliyotangazwa siku tatu baadaye yalimpa Kibaki kura 4,584,721 dhidi ya kura 4,352,993 za Raila, na Kibera ikawa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika mapema katika ghasia zilizofuata. Chini ya makubaliano ya Februari 2008 mbunge wa Lang'ata akawa Waziri Mkuu, akaapishwa Aprili 17.

Sharti hili lina kasoro ya kinadharia inayostahili kutajwa waziwazi. Liliwapa wapigakura wa eneobunge moja kura ya turufu juu ya chaguo la taifa zima. Katika eneo kama Lang'ata, turufu hiyo iliangukia mikono ya wakazi maskini wa mjini, jambo ambalo waliobuni kanuni hawakulitarajia. Lilimfunga pia mgombea: hakuweza kuhamia kiti salama cha Nyanza bila kukiri kwamba hana uhakika na Nairobi. Miongo miwili Lang'ata kwa hiyo ilikuwa pia matokeo ya kukosa njia nyingine.

Kwa upande wa utendaji wa kawaida wa ubunge, mengi hayahitaji kuelezwa, ila jambo moja la fedha lina umuhimu. Sheria ya mwaka 2003 ilianzisha Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, CDF, iliyotengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya Serikali. Robo tatu ya fedha hizo iligawanywa sawasawa kwa maeneobunge yote 210, na robo iliyobaki kwa kigezo cha umaskini. Eneobunge lenye watu wengi kama Lang'ata lilipata mgao wa msingi uleule uliopewa eneo lenye watu wachache, na mgao wa kila mkazi ukawa mdogo. Kupima utendaji wa mbunge wa viungani kwa idadi ya miradi, bila kugawanya fedha kwa wakazi, ni kumpima kwa kibaba kisicho chake.

Kugawanywa kwa Lang'ata

Katiba ya 2010 ilibadilisha mazingira yote. Kanuni ya kuhama chama ilibaki, lakini sharti la rais kuwa mbunge liliondolewa. Idadi ya maeneobunge ilipanda kutoka 210 hadi 290, na ya Nairobi kutoka manane hadi 17. Kwa sensa ya 2009 wastani ulikuwa wakazi wapatao 133,000 kwa kila eneobunge, na Katiba iliruhusu miji mikubwa kupita wastani huo kwa asilimia 40 tu, yaani hadi wakazi takribani 186,000. Lang'ata ya zamani ilikuwa na zaidi ya wakazi 350,000. Kugawanywa hakukuepukika, na mstari wa kugawa ulikuwa tayari umechorwa na historia. Wadi za Laini Saba, Lindi, Makina, Woodley na Sarang'ombe zilifanywa eneobunge la Kibra. Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise zikabaki na jina la Lang'ata.

Mgawanyo huo ni kama jaribio la maabara kwa mtafiti wa rekodi hii, kwa sababu uliitenganisha ile sauti iliyokuwa imejumlishwa kwa miaka 20. Mwaka 2013, huku Raila akigombea urais peke yake, ODM ilishinda pande zote mbili: Ken Okoth akachukua Kibra na Joash Olum akachukua Lang'ata. Mwaka 2017 Okoth alitetea kiti chake, lakini Lang'ata mpya ilimchagua Nixon Korir wa Jubilee. Mitaa ambayo kwa chaguzi tano ilihesabiwa kuwa ngome ya mtu mmoja ilimpa ushindi mgombea wa chama cha mpinzani wake mara tu ilipoondolewa Kibera. Mwaka 2022 ODM iliirudisha kupitia Phelix Odiwuor, maarufu Jalang'o, kwa hiyo si sahihi pia kusema Lang'ata mpya imeegemea upande mmoja. Imekuwa eneo la ushindani, jambo ambalo hesabu ya zamani ililificha.

Kibra nayo ilipimwa Novemba 2019, baada ya kifo cha Ken Okoth mwezi Julai. Katika kampeni eneo hilo lilitajwa kuwa chumba cha kulala cha Raila, mahali ambapo mgeni haingii. Imran Okoth wa ODM alishinda kwa kura 24,636. McDonald Mariga, mwanasoka wa zamani wa timu ya taifa aliyesimamishwa na Jubilee, alipata 11,230, na Eliud Owalo, aliyewahi kuwa msaidizi wa karibu wa Raila, akapata 5,275 kwa tiketi ya ANC. Ushindi ulikuwa wazi. Hata hivyo, wapigakura zaidi ya 16,000 waliowachagua wagombea hao wawili ni kielelezo cha mgawanyiko uleule wa wapangaji, wenye nyumba na jamii mbalimbali uliokuwapo tangu miaka ya 1990, ambao katika chaguzi kuu ulifunikwa na jina la mgombea wa urais.

Raila, aliyefariki Oktoba 15, 2025, aliendelea kupiga kura katika Shule ya Msingi ya Old Kibera mwaka 2013, 2017 na 2022. Makazi yake yalikuwa Karen. Kabla ya mipaka mipya, nyumba na kituo vilikuwa ndani ya eneobunge moja. Baada yake, aliishi Lang'ata na kumchagua mbunge wa Kibra.